Jeti Haichokonolewi kwa Waya

Pikipiki inayopandisha abiria kutoka Mwanga mjini hadi Kighare, kule Usangi, huanza safari na vumbi la tambarare na kuimaliza kwenye kona za mlima. Petroli yake pengine imenunuliwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, kando ya kibanda. Ikilala wiki mbili tatu bila kutembea, petroli iliyobaki kwenye bakuli la kabureta hukauka na kuacha utando wa kahawia unaonata kama ulimbo. Ukija kuiwasha, inakohoa, haishiki sailensa, ukitoa choki inazima. Ugonjwa huo kila fundi anaujua, na dawa yake iko mfukoni: uzi mmoja wa waya wa klachi, unapitishwa kwenye jeti mpaka mwanga uonekane upande wa pili.

Dawa hiyo ndiyo nataka tuiache. Jeti ni ya shaba ya manjano, laini kuliko chuma cha waya, na tundu la jeti ya sailensa halifiki hata nusu milimita. Chukua tundu la milimita 0.40 ulikwangue hadi 0.44. Kwa macho hutaona tofauti, ila nafasi ya kupitisha petroli imeongezeka kwa asilimia 21. Namba iliyogongwa kwenye jeti inabaki ileile, mteja anarudi baada ya siku tatu akilalamika kwamba chombo kinakunywa mafuta, na wewe unamwambia milima ndiyo inayokula.

Ipo mashine inayofika pale waya usipopaswa kufika. Ni tanki dogo la chuma kisichoshika kutu, lita 2 au 3 zinatosha kwa kabureta, na chini yake vimegundishwa vipande vya keramiki ambavyo umeme huvitetemesha mara 40,000 hivi kwa sekunde. Sikio la binadamu huishia kwenye 20,000. Unachosikia wewe ni mchirizo tu, kama mafuta yanayokaanga dagaa kwa mbali. Kila mtetemo huyavuta maji na kuyabana. Yakivutwa, vinazaliwa viputo vidogo mno. Yakibanwa, viputo vinabonyea kwa kishindo na kung'oa uchafu ulio karibu, hata ndani ya tundu. Mwaka 1917 Mwingereza Lord Rayleigh alipiga hesabu ya kishindo cha kiputo cha aina hiyo, enzi ambazo wahandisi wa meli walikuwa wakiona pangaboi zao zinaliwa baharini. Kinachotafuna pangaboi ndicho tunachokiomba kitafune ulimbo.

Ukitaka kukiona kikifanya kazi, ning'iniza kipande cha foili kwenye tanki kwa dakika moja. Kitatoka na matundu, na matundu hayo yatajipanga kwa mistari iliyoachana kama sentimita 2. Ndiko sauti inakopiga kwa nguvu. Katikati yake nguvu ni hafifu. Kwa hiyo kikapu kisogeze mara kwa mara, na kabureta isikae sakafuni mwa tanki.

Maji yawe ya moto, nyuzi 50 hadi 60, na sabuni ya maji kidogo. Yakikaribia kuchemka nguvu inapungua, kwa sababu viputo vinajaa mvuke na havibonyei sawasawa. Washa kwanza dakika 5 au 10 tanki likiwa na maji bila spea, ili hewa iliyomo majini itoke. Ng'oa oringi, boya na kila chenye mpira. Tope la nje lisugue kwa brashi kabla. Mashine hii si ya kuoshea matope, na kava la injini au mnyororo vinatosheka na dizeli na brashi kwenye karai.

Petroli usitie humo kabisa. Mvuke wake unashika moto hata kwenye baridi kali, seuze juu ya tanki lenye hita na umeme.

Na magadi? Niliwahi kujifanya mjanja, nikaweka yaleyale ya kuivishia makande, nikaenda kunywa chai. Niliporudi kabureta ilikuwa safi, nyeusi tii. Magadi ya moto hula alumini, na bodi nyingi za kabureta ni za alumini au zinki. Mwenye pikipiki alidhani nimembadilishia spea.

Dakika 10 hadi 15 zinatosha. Suuza kwa maji safi, pitisha upepo wa kompresa kila njia, na vipande vya chuma vipake oili papo hapo, maana chuma kilichotoka humo hakina hata chembe ya mafuta ya kukikinga na kutu. Kisha inua jeti juani uitazame. Tundu likiwa duara safi, irudishe. Likiwa na umbo la yai, waya ulishapita hapo zamani, na mashine haina cha kufanya: nunua jeti mpya yenye namba ileile.