Kuitafuta Molekuli ya Kushika DNA Iliyojikunja

Kila asomaye Biolojia ajua picha ya DNA: nyuzi mbili zilizosokotana kama kamba. Nami nilidhani hiyo ndiyo sura yake pekee, hata niliposoma habari za Gellert, Lipsett na Davies wa Marekani. Mwaka 1962 walionyesha kwa miali ya eksirei jinsi guanini nne zinavyoweza kushikana na kufanya mraba. Miraba hiyo hupangana mmoja juu ya mwingine, na potasiamu hukaa katikati na kuikaza.

Jambo hili lahusu saratani. Ncha za kromosomu zetu zina herufi TTAGGG zikirudiwa mara nyingi mno. Katika seli nyingi za mwili ncha hizo hupungua kila seli igawanyikapo, bali seli nyingi za saratani huzirefusha kwa kimeng'enya kiitwacho telomerasi. Mwaka 1991 ilionekana kwamba ncha iliyojikunja katika miraba ile humzuilia telomerasi kazi yake. Basi wataalamu wakaanza kutafuta molekuli ndogo ya kuishika ncha isijikunjue.

Utaijuaje kati ya maelfu? Huchukua kipande kifupi cha DNA hiyo na kutia rangi mbili, moja kila mwisho. Kikiwa kimejikunja, rangi hukaribiana, na ile ya pili huinyang'anya ya kwanza nguvu ya mwanga wake. Kisha hukipasha moto polepole. Kikijikunjua, rangi ya kwanza hung'aa. Molekuli ikiwa imeshika sawasawa, yahitajiwa joto kubwa zaidi kabla ya mwanga huo kutokea, nazo digrii zilizozidi huandikwa.

Lakini molekuli ishikayo kila DNA yaweza kuwa sumu kwa mwili mzima. Kwa hiyo huongeza DNA ya kawaida ya nyuzi mbili, tena kwa wingi, katika kijitundu kile kile. Molekuli ikivutwa huko, digrii hurudi chini, nayo huwekwa kando. Kwangu mimi jaribio hili ndilo lenye thamani. Lile la kwanza likiwa peke yake hudanganya.

Wengine hutumia rangi ing'aayo ikiwa imekamatana na DNA, na kuzimika ikisukumwa nje na molekuli mpya. Ila molekuli yenyewe ikiwa na rangi kali, hesabu huharibika.

Telomestatini, mojawapo ya zishikazo kwa nguvu sana, haikubuniwa na mtu. Kazuo Shin-ya na wenzake wa Japani waliitangaza mwaka 2001, nao waliipata kwa bakteria wa jamii ya Streptomyces, ambao wengi wao huishi udongoni.