Rejeta za Eldoret: biashara ya kupoza injini yahama kutoka kwa fundi kwenda dukani

Katika injini ya gari, ni robo hadi theluthi tu ya nishati ya mafuta inayogeuka kuwa mwendo. Sehemu kubwa ya iliyosalia hutoka na moshi, na nyingine huchukuliwa na maji yanayozunguka silinda hadi kwenye rejeta. Mjini Eldoret, joto hilo ni riziki ya watu wengi: mafundi wa rejeta, wauzaji wa pampu na mipira ya maji, karakana za kusawazisha silinda hedi, na vituo vya mafuta vinavyouza kulanti kando ya oili. Biashara yao inategemea mambo matatu: mwinuko wa eneo, barabara zinazokutana hapo, na umri wa magari na matrekta yanayotumika.

Mwinuko na barabara

Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Mombasa maji huchemka yakifika nyuzi 100 za Selsiasi. Eldoret huchemka yakikaribia 93, na kule Timboroa, kwenye mita zinazopita 2,700, ni kama 91. Themostati za injini nyingi hufunguka kati ya nyuzi 82 na 88, kwa hiyo pengo kati ya joto la kawaida la kazi na maji kutokota ni dogo mno. Linalolipanua ni kifuniko cha rejeta. Springi yake huzuia maji kwa mgandamizo, na kifuniko cha takriban ba 0.9 hupandisha kiwango cha kuchemka kwa zaidi ya nyuzi 20. Raba yake ikichakaa, mgandamizo hupotea. Gari lililovumilia hitilafu hiyo pwani litachemsha kabla ya kumaliza mlima. Hewa nayo ni pungufu kwa karibu moja ya tano ikilinganishwa na ya pwani, hivyo kila mzunguko wa feni huondoa joto pungufu.

Barabara huongeza mzigo. Malori yatokayo Mombasa kwenda Uganda kupitia Malaba hupanda kutoka Nakuru hadi Mau Summit na Timboroa kabla ya kuteremka Burnt Forest. Tangu bomba la mafuta lilipofikishwa Eldoret mwaka 1994, malori ya tangi yamekuwa yakipakia hapo na kuelekea magharibi. Upande wa mashariki ndiko kwenye mtihani mkali zaidi: kutoka joto la Bonde la Kerio, barabara hupanda zaidi ya mita 1,000 kupitia Tambach hadi Iten. Lori lililojaa maembe hupanda kwa gia nzito, injini ikifanya kazi kwa nguvu zote huku upepo wa mwendo ukiwa mdogo. Hapo feni ndiyo tegemeo, na klachi yake ikiteleza, geji ya joto hupanda haraka.

Mashambani, msimu mkubwa ni wa mavuno ya ngano na mahindi, hasa kuanzia Oktoba. Makapi na vumbi huziba mapezi ya rejeta za kombaini na matrekta. Dawa yake ni hewa ya kompresa ipulizwe kutoka upande wa injini kuelekea nje. Maji ya kasi kubwa huyalaza mapezi na kuifanya hali iwe mbaya zaidi.

Magari ya zamani

Soko la rejeta za shaba bado lina wateja kwa sababu magari ya zamani hayajaisha. Mfano ulio karibu ni Peugeot 504, gari lililozinduliwa mwaka 1968, likaunganishwa Mombasa, na kushinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1975 na 1978. Yale ya muundo wa steshenivageni yalisafirisha abiria kati ya Nairobi na Eldoret kwa miaka mingi, na pikapu zake zilibeba maziwa na mbolea. Feni ya 504 hushikwa kwa sumaku ya umeme: maji yakiwa baridi hujizungukia yenyewe bila nguvu, yakipata moto swichi huifunga na kuizungusha na injini. Kaboni inayopeleka umeme ikiisha, feni haishiki tena. Mafundi wengi huikaza kwa bolti ili izunguke wakati wote. Gari huacha kuchemsha, lakini feni hula nguvu na mafuta hata asubuhi ya baridi isipohitajika.

Tatizo la magari ya kale kuchemsha lina ndugu zake nje. Injini ya Ford V8 ya mwaka 1932, iliyopendwa Marekani na wanaoongezea magari ya kale nguvu, ilipitisha moshi ndani ya bloku yenyewe kabla ya kuutoa, hivyo moshi uliyapasha joto maji yaliyotakiwa kupoza. Tiba iliyozoeleka huko ndiyo inayofaa Eldoret: rejeta yenye safu nyingi zaidi za vimirija, kava linaloizunguka feni ili hewa yote ipite kwenye mapezi, na themostati ya kiwango sahihi. Wenye Volkswagen Beetle hawamo katika biashara hii, kwa kuwa injini yake hupozwa kwa hewa na haina rejeta.

Kutoka lehemu hadi plastiki

Kazi ya fundi wa rejeta ya shaba huanza kwenye pipa la maji. Midomo ya rejeta huzibwa kwa raba, hewa ikajazwa, kisha rejeta ikazamishwa. Mapovu huonyesha palipotoboka. Mahali hapo husuguliwa, hupakwa asidi, hupashwa moto na kutiwa lehemu. Ikiwa vimirija vimeziba kwa kutu na chokaa, tangi la juu huyeyushwa lehemu na kufunguliwa, vyuma vyembamba hupitishwa katika kimirija kimoja baada ya kingine, kisha tangi hurudishwa. Gharama kubwa ni mkono wa fundi. Vifaa ni vichache.

Rejeta za magari ya sasa ni tofauti. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri wa zaidi ya miaka 8, na mengi yatokayo Japani yana rejeta za alumini zenye matangi ya plastiki yaliyobanwa kwa meno ya chuma na gasketi ya raba. Plastiki ikipasuka haishiki lehemu, na gundi haidumu chini ya joto na mgandamizo. Mafundi wengine hutengeneza tangi la chuma badala ya la plastiki, lakini wateja wengi hununua rejeta nzima.

Hivyo fedha iliyokuwa ikilipa kazi sasa hulipa bidhaa ya nje, na bei yake hufuata dola. Shilingi ilipofika takriban 160 kwa dola moja mwanzoni mwa 2024, spea zote za kuagizwa zilibeba mzigo huo. Baadaye mwaka huohuo ilirudi karibu na 130. Wakati huohuo, shaba ilipita dola 10,000 kwa tani katika soko la dunia mwaka 2024, na rejeta kuukuu zikawa na thamani kubwa zaidi kwa mnunuzi wa vyuma chakavu kuliko kwa fundi anayezitafuta kwa ajili ya matangi na vimirija. Soko la chakavu nalo lina misukosuko yake: Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa kufuatia uharibifu wa miundombinu ya umeme.

Akiba inayogeuka hasara

Faida kubwa ya karakana hutokana na makosa madogo ya wenye magari. La kwanza ni kung'oa themostati. Injini hukawia kupata joto, hula mafuta zaidi na kuchakaa upesi. Katika injini ambazo themostati pia hufunga njia ya mkato ya maji, kuing'oa huweza hata kuongeza joto. La pili ni kutumia maji matupu. Kwa kuwa Eldoret haina baridi ya kugandisha maji, madereva huiona kulanti kuwa haina kazi. Kazi yake hapa ni nyingine: mchanganyiko wa nusu kwa nusu huchemka kwenye nyuzi kama 107 pwani, na dawa zilizomo huzuia kutu na chokaa. La tatu ni kumimina maji baridi kwenye injini iliyochemsha, jambo linaloweza kuipasua.

Mwisho wa makosa hayo ni silinda hedi ya alumini kupinda na gasketi yake kuungua. Hapo mwenye gari hulipia kufunguliwa kwa injini, mashine ya kusawazisha hedi, gasketi mpya, oili na siku ambazo gari halifanyi kazi, ilhali kifuniko cha rejeta au themostati ni miongoni mwa spea za bei nafuu zaidi dukani.

Kwa fundi, nafasi iliyobaki iko katika kupima kabla ya kuuza: kupima mgandamizo wa kifuniko, kuchemsha themostati kwenye sufuria yenye kipimajoto, na kuangalia kama hewa ya silinda inavuja ndani ya maji. Ujuzi uliopatikana karakanani unaweza kutambuliwa rasmi kupitia mitihani ya ufundi ya NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, kuanzia daraja la tatu hadi la kwanza. Matrekta, malori ya zamani na magari ya kale yataendelea kuhitaji lehemu. Kwa magari mengine yote, anayeweza kueleza kwa nini rejeta imeharibika ndiye atakayelipwa kwa kazi yake, kabla hata mteja hajafika dukani.