Kasuku na Tausi wa Maniema: Nani Yuko Hatarini Zaidi?

Kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu hahitaji kutambulishwa Kindu. Tausi wa Kongo ni habari nyingine: anaishi chini kwenye msitu mnene, na hata wawindaji humwona kwa nadra.

Kitaalamu, hawana udugu wa karibu. Kasuku, *Psittacus erithacus*, alipewa jina hilo na Linnaeus mwaka 1758. Tausi, *Afropavo congensis*, yumo katika familia moja na kuku na kwale, na jamaa zake wa karibu zaidi ni tausi wa Asia. Sayansi ilichelewa kumjua. Mwaka 1913, Mmarekani James Chapin aliona unyoya wa ajabu kwenye kofia ya mwenyeji wa Ituri, akauhifadhi bila kujua ni wa ndege gani. Jibu alilipata mwaka 1936 katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, kwa ndege wawili waliokaushwa na kuandikwa kimakosa kuwa tausi wa India.

Mtu angedhani huyu asiyeonekana ndiye aliye karibu kutoweka. Sivyo. Tangu 2016, Orodha Nyekundu ya IUCN inamweka kasuku katika daraja la walio hatarini kutoweka, na daraja la tausi ni jepesi kuliko hilo. Tausi hunaswa na matanzi yaliyotegewa paa, akaishia kuwa nyama ya pori. Kasuku huwindwa kwa makusudi, akiwa hai, kwa sababu anauzika ng'ambo.

Na anaponzwa na upendo wake kwa wenzake. Mtegaji hupaka ulimbo kwenye matawi, kisha humfunga juu ya mti kasuku aliyekwisha kunaswa. Akilia, kundi zima humjia. Kwa miaka mingi kasuku wa Maniema wamesafirishwa kwa ndege kutoka Kindu hadi Kinshasa, wamebanwa kwenye masanduku, na wengi hufa kabla ya kumfikia mnunuzi. Ghana tayari imepoteza zaidi ya asilimia 90 ya kasuku wake.

Mbuga za Maiko na Lomami zinawahifadhi wote wawili, lakini kasuku huruka mbali, nje ya mipaka ya mbuga yoyote. Mkataba wa CITES umezuia biashara ya kimataifa ya kasuku wa porini tangu Januari 2017. Kwa hiyo ukiletewa kasuku sokoni, usimnunue hata kwa kumhurumia: fedha yako ndiyo itakayomrudisha mtegaji msituni.