Zijue Dalili za Hitilafu katika Jiko la Gesi Kabla Hazijaleta Madhara

Katika kata ya Vingunguti, wilayani Ilala, Mkoa wa Dar es Salaam, si jambo la ajabu familia nne au tano kuishi chini ya paa moja, zikitenganishwa na kuta nyembamba na ukumbi mmoja. Kila mpangaji hupika kwa wakati wake, pengine mlangoni mwa chumba chake, na mahali palipokuwa na jiko la mkaa sasa pana mtungi wa gesi. Katika makazi ya namna hiyo, mtungi unaovuja si tatizo la mwenye mtungi peke yake, bali ni la nyumba nzima.

Matumizi ya gesi majumbani yanahimizwa na Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, uliozinduliwa na Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Mheshimiwa Dkt. Samia Suluhu Hassan, jijini Dar es Salaam tarehe 8 Mei, 2024. Lengo lake ni kuwawezesha asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Kupata jiko la gesi ni hatua ya kwanza. Hatua inayofuata ni kulitunza, kutambua mapema linapopata hitilafu, na kujua ni hitilafu ipi mwenye jiko anaweza kuiondoa mwenyewe na ipi ni ya fundi.

Tabia ya gesi

Gesi ya kupikia, maarufu kama LPG, ni mchanganyiko wa propani na butani uliogandamizwa ndani ya mtungi hadi kuwa kimiminika. Kimiminika hicho kikitoka nje hugeuka gesi na kutanuka takriban mara 250. Ndiyo maana tundu dogo katika mpira linaweza kujaza chumba kwa muda mfupi.

Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi kuelekea darini, bali hutambaa sakafuni, chini ya kitanda na ndani ya mifereji, na inaweza kuufikia moto uliowashwa chumba cha jirani. Kwa asili haina harufu; harufu kali inayofahamika hutokana na kemikali iliyoongezwa kwa makusudi ili mtu aitambue inapovuja. Harufu hiyo ni onyo, na haipaswi kuzoeleka.

Rangi ya moto

Jiko lililo salama hutoa moto wa bluu uliotulia. Moto ukiwa wa njano na sufuria ikaanza kushika masizi, maana yake gesi haipati hewa ya kutosha ili iungue kikamilifu. Mara nyingi chanzo ni mabaki ya chakula, mafuta au vumbi vilivyoziba matundu ya kichwa cha jiko au sehemu ya kuingizia hewa. Gesi inayoungua nusunusu huzalisha kaboni monoksidi, hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo ni hatari zaidi katika chumba kilichofungwa.

Dawa yake ni usafi. Funga koki ya mtungi, acha jiko lipoe, kisha ondoa kichwa cha jiko, kioshe kwa maji ya sabuni na brashi laini, na kikaushe kabisa kabla ya kukirudisha. Tundu dogo linalopitisha gesi kutoka kwenye bomba la jiko lisichokonolewe kwa waya au msumari, kwa kuwa likipanuka hupitisha gesi nyingi kuliko kiasi kilichokusudiwa. Likiziba, aitwe fundi.

Moto ukiwa mdogo licha ya kufungua koki yote, kagua kwanza kama mpira umejikunja au gesi inakaribia kwisha. Kiwango cha gesi kinaweza kukadiriwa kwa kumwagia maji ya uvuguvugu ubavuni mwa mtungi na kupapasa: sehemu yenye kimiminika hubaki ya baridi. Mtungi mdogo unaotumika kwa sufuria kubwa kwa saa nyingi unaweza pia kupoa na kutoa jasho, kwani kimiminika hunyonya joto la mtungi kinapogeuka gesi. Upumzishwe, au utumike mtungi mkubwa zaidi. Ni marufuku kuupasha moto, kuutikisa au kuulaza ubavu ili kumalizia gesi iliyobaki.

Namna ya kupima uvujaji

Uvujaji haupimwi kwa kiberiti wala mshumaa. Unapimwa kwa povu la sabuni. Hakikisha hakuna moto karibu, zima jiko, fungua koki ya mtungi, kisha paka povu kwenye maungio yote: kuzunguka koki, penye regyuleta, na kwenye ncha mbili za mpira. Kwa mtungi wa kilo 6 ambao jiko lake hufungwa juu yake moja kwa moja, paka pale jiko linapoingia kwenye mtungi. Mapovu yakivimba na kuongezeka, gesi inavuja. Kipimo hicho huchukua dakika chache na kinafaa kufanyika kila mtungi unapobadilishwa.

Uvujaji unaotokana na mpira uliochakaa humalizwa kwa kununua mpira mpya uliotengenezwa kwa ajili ya gesi na kuukaza kwa vibano vyake. Mpira wa maji si mbadala wake, na ufa hauzibwi kwa gundi wala utepe. Uvujaji kwenye koki ya mtungi au ndani ya regyuleta haurekebishwi nyumbani: mtungi ufungwe, uwekwe mahali pa wazi mbali na moto, na wakala aliyeuuza aarifiwe. Regyuleta mbovu hubadilishwa, haifunguliwi.

Matunzo ya kila siku

Mtungi husimamishwa wima, mahali panapopitisha hewa, mbali na jiko la mkaa na mbali na mlango ambao watu watautumia kukimbilia nje. Koki ya mtungi ifungwe kila upishi unapokwisha na kabla ya kulala, si kitasa cha jiko pekee. Msimu wa masika, nguo zinapochelewa kukauka, zisitundikwe juu ya jiko wala jiko lisiachwe likiwaka ili kuzikausha. Nguo moja ikidondoka inatosha kuanzisha moto, na chumba kilichofungwa kwa sababu ya mvua hukusanya hewa yenye sumu.

Wakati wa kununua, mteja akague lakiri na kuomba mtungi upimwe kwenye mizani. Uzito wa mtungi mtupu hugongwa kwenye mtungi wenyewe. Ikiwa umeandikwa kilo 7.5 na gesi ni kilo 6, mizani inapaswa kusoma kilo 13.5. Mtungi wenye kutu nyingi au uliobonyea ukataliwe.

Harufu ya gesi inaposikika

Funga koki ya mtungi ikiwa inafikika kwa usalama, zima moto wowote, fungua milango na madirisha, na watoe watu wote nje, wakiwamo majirani wa vyumba vingine. Swichi ya umeme isiguswe, iwe kwa kuwasha au kuzima, kwa kuwa cheche ndogo inatosha kulipua gesi. Simu itumike baada ya kufika nje, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lipigiwe kupitia namba ya dharura 114. Asiingie mtu ndani hadi harufu itakapokwisha kabisa na chanzo chake kujulikana.

Katika nyumba za kupanga, ni vyema wapangaji wakaelekezana mapema mahali mtungi wa kila mmoja ulipo na namna koki yake inavyofungwa. Siku ya tatizo, mwenye mtungi anaweza kuwa kazini au sokoni, na usalama wa nyumba ukabaki mikononi mwa jirani.