Stata Inapiga, Pikapu Haiwaki: Kusukuma Hakutibu

Pikapu ambayo stata yake inapiga kwa nguvu lakini injini haishiki, haina ugonjwa wa betri wala wa stata. Kazi ya vyote viwili ni kuzungusha injini, na injini imezunguka. Kilichokosekana ni mafuta, au moto wa kuyachoma, au mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Hata hivyo, Mazimbu, kuanzia mitaa inayozunguka Kampasi ya Solomon Mahlangu hadi kutokea barabara ya Iringa, swali linaloletwa kwa mafundi ni lile lile: “Tumesukuma mpaka tumechoka, mbona haijawaka?” Haijawaka kwa sababu kusukuma hakukuwa dawa yake.

Gari likisukumwa, magurudumu huzungusha gia, na gia huzungusha injini. Hakuna zaidi ya hapo. Miguu ya vijana kumi haipeleki dizeli kwenye nozeli, haiungi waya uliokatika, wala haiondoi maji yaliyotuama kwenye chujio. Stata inayopiga sawasawa tayari imeifanya kazi hiyo hiyo, tena kwa utulivu zaidi. Kusukuma kuna mahali pake: betri iliyochoka, stata inayojivuta, au injini ya dizeli iliyochakaa ambayo huhitaji kasi kidogo ili hewa ipate joto. Nje ya hapo ni jasho la bure.

Imani hii inadumu kwa sababu mara nyingine gari linawaka kweli. Pikapu ya dizeli iliyovuta upepo kwenye mpira wa mafuta ikizungushwa kwa muda mrefu, upepo hutoka wenyewe, dizeli hufika, injini hushika moto. Pikapu ya petroli iliyolowa plagi nayo hukauka wakati watu wanahangaika nayo. Sifa wanapewa waliosukuma. Ule mpira uliopasuka unabaki na ufa wake, na kesho alfajiri, shehena ya kabichi ikisubiriwa Soko la Chifu Kingalu, gari linagoma tena.

Hatari iko kwenye miteremko. Barabara ya kutoka Sangasanga kupanda Langali na Nyandira ina wengi wanaoamini kwamba gari lisilowaka liachiwe lishuke mpaka “litajishika”. Injini ikiwa imezima na gari likiwa nyutro, pampu inayosaidia breki haifanyi kazi. Breki hubaki na akiba ya kukanyaga mara mbili au tatu, kisha pedali huwa ngumu kama jiwe. Usukani wenye msaada wa hidroli nao huwa mzito. Dereva akichomoa ufunguo, usukani hujifunga kabisa. Kumshusha mtu Uluguru katika hali hiyo kwa sababu ya chujio chafu ni kumhatarisha bila sababu, na hakuna fundi anayestahili jina hilo anayepaswa kukubali.

Kabla ya kuita wasukumaji, mtu mmoja apige stata na mwingine asimame nyuma, macho kwenye eksozi. Kwa pikapu ya dizeli, sekunde hizo chache zinafundisha kuliko saa nzima ya kusukuma. Eksozi isipotoa moshi wowote, dizeli haifiki kwenye silinda. Ikitoa moshi mweupe unaowasha macho na kunuka dizeli mbichi, mafuta yanafika ila hayaungui.

Pasipo moshi, ukaguzi huanzia kwenye tangi na chujio. Dizeli iliyonunuliwa kwenye madumu kando ya barabara mara nyingi huja na maji, na maji hukaa chini. Chujio la pikapu nyingi za Toyota lina koki chini na kitufe cha kupampu juu. Koki ilegezwe, kinachotoka kikingwe kwenye chupa safi ya plastiki na kuachwa kitulie: maji yatajitenga chini, na mstari utaonekana wazi kati yake na dizeli. Kisha kitufe kipampiwe hadi kiwe kigumu. Kisipokaza, kuna mahali panapovuta upepo. Baada ya hapo huangaliwa swichi ya kukata dizeli iliyo kwenye pampu: waya wake ukichomolewa na kurudishwa wakati swichi ya gari imewashwa, pampu hutoa mlio mdogo, “kachi”. Ikikaa kimya, fyuzi na waya vikaguliwe kwanza kabla mtu hajauziwa pampu nzima.

Kwa injini kongwe kama 2L na 3L, nati za mabomba ya nozeli hulegezwa kidogo na stata kupigwa mpaka dizeli itoke bila mapovu. Kwa Hilux Vigo na nyingine za D-4D, nati hizo zisiguswe kamwe. Mfumo wake husukuma dizeli kwa nguvu inayozidi mara 1,000 ile ya hewa ya kawaida, na mchirizi mwembamba wake hupenya ngozi.

Penye moshi mweupe, plagi za kupasha joto ndizo hutazamwa kwanza, hasa alfajiri za Juni na Julai huko Nyandira. Kwa joto la Mazimbu, mara nyingi hazina hatia, na jicho lihamie kwenye mgandamizo na taimingi. Dawa ya kupuliza ya etha isitumike kwenye injini yenye plagi hizo, kwani huweza kulipuka kabla ya wakati na kuvunja pistoni. Kitambaa chenye moto mdomoni mwa chujio la hewa ni njia ya kuunguza gari.

Petroli ina mambo machache. Swichi ikiwashwa, kwenye magari mengi pampu ya tangini husikika ikivuma sekunde mbili. Plagi ikitoka kavu, tafuta mafuta. Ikitoka imelowa, tafuta moto: koili, waya, sensa ya mzunguko wa injini. Taa ya ufunguo ikimetameta kwenye dashibodi, gari halijautambua ufunguo. Kila jaribio la stata lisizidi sekunde 10, kisha stata ipumzike dakika moja.

La mwisho ni mlio. Stata ikizunguka kwa wepesi usio wa kawaida, bila mapigo yale ya kupanda na kushuka, mkanda wa taimingi huenda umekatika. Kwenye 2L na 3L kifuniko cha oili hufunguliwa na stata kupigwa kidogo. Vyuma vya ndani visipocheza, mkanda umekwisha, na kila mzunguko unaoongezwa unaweza kugongesha pistoni na valvu. Pikapu ya namna hiyo haisukumwi. Huvutwa ikiwa nyutro mpaka gereji.