Jiwe Jeusi la Ivuna

Paukwa! Mkishaitika pakawa, sogeeni karibu, maana hadithi ya leo haina sungura wala fisi, na kila neno lake ni kweli.

Tarehe 16 Desemba 1938, jiwe lilianguka kutoka angani karibu na Ivuna, katika bonde la Ziwa Rukwa, kusini-magharibi mwa nchi ambayo wakati huo iliitwa Tanganyika. Ivuna ni nchi ya chumvi. Kwa karne nyingi watu wa huko wamekuwa wakichemsha maji ya chumvi mpaka yakauke, chumvi ibaki chunguni. Ishikeni vizuri habari hiyo ya chumvi, tutaihitaji mbele ya safari.

Vipande vilivyookotwa havikufika hata kilo moja: ni gramu 700 hivi. Si mbali sana na hapo, kule Mbozi, kuna kimondo kingine ambacho huenda mmekwenda kukitazama na shule, pande la chuma la zaidi ya tani 10. Watu hulipanda, wakapigwa picha, nalo halijali. La Ivuna lisingevumilia mchezo huo. Ni jeusi, ni laini, linamomonyoka kirahisi, na likitiwa majini hulegea na kuvunjikavunjika, kwa sababu sehemu yake kubwa ni madini ya udongo wa mfinyanzi. Desemba ni mwezi wa mvua kule. Lingeachwa nje msimu mmoja tu, lingekuwa tope, tusingejua kwamba liliwahi kufika.

Hata hivyo, mimi nikiambiwa nichague kati ya pande la Mbozi na vile vipande vya Ivuna, nitachukua vya Ivuna bila kufikiri mara mbili. Sikilizeni kwa nini.

Yapata miaka bilioni 4.5 iliyopita, Jua likiwa changa, lilizungukwa na vumbi, barafu na gesi. Vumbi lilijikusanya likawa mawe, mawe yakagongana na kushikana yakawa sayari. Zilizokuwa kubwa zilipata joto kali zikayeyuka, kila kitu kikapangika upya. Lakini mawe mengine yalibaki madogo, hayakuyeyuka. Mawe ya namna hiyo yamo miongoni mwa asteroidi, na jiwe la Ivuna lilimeguka kutoka katika mojawapo. Ndani ya asteroidi hiyo mlikuwa na aluminiamu yenye mionzi, ikatoa joto la kuyeyusha barafu tu. Maji yakapenya kwenye vumbi na kuligeuza udongo. Baadaye yote yakapoa, yakakaa hivyo hivyo. Leo ukipima chuma, magnesi na silikoni zilizomo, uwiano wake unakaribia sana ule wa Jua lenyewe. Ndiyo maana wataalamu wa dunia nzima wanalitumia kundi la vimondo vya aina hii kama kipimo cha vimondo vingine, na kundi lenyewe wameliita kwa jina la Ivuna.

Mwaka 2001, watafiti wakiongozwa na Pascale Ehrenfreund walichukua chembe ya jiwe hilo, wakaisaga, wakaichemsha majini, wakapima kilichotoka. Zilitoka asidi amino. Miongoni mwa zilizoongoza ni glisini na beta-alanini, nazo zilikuwa kidogo mno: kila moja chini ya sehemu 2 katika milioni.

Asidi amino ndizo zinazounganishwa mnyororo kwa mnyororo kutengeneza protini. Glisini ndiyo ndogo kuliko zote, ina atomu 10 tu: 2 za kaboni, 5 za haidrojeni, 1 ya naitrojeni na 2 za oksijeni. Imo kwenye nywele zenu, kwenye ngozi, na kwenye maharage mliyokula mchana. Sasa, kule juu hakukuwa na nywele wala maharage. Nani aliitengeneza?

Hakuna aliyeitengeneza. Mwaka 1850 mkemia Mjerumani, Adolph Strecker, alitengeneza asidi amino kwa kutumia vitu visivyo na uhai: amonia, sianidi, na kimiminika kimoja chenye kaboni. Sianidi hiyo hiyo ambayo ni sumu ya kuua mtu! Viungo vya namna hiyo vipo angani, na vikikutana kwenye maji ya uvuguvugu ndani ya asteroidi, kemia inaendelea na kazi yake.

Huenda kuna mmoja wenu anayetaka kuuliza: je, kama aliyeliokota alikuwa na jasho mkononi? Jasho nalo lina asidi amino! Swali hilo liliwasumbua wanasayansi kwa miaka mingi, na jibu lilipatikana kwenye kimondo kingine, kilichoanguka Murchison, Australia, tarehe 28 Septemba 1969. Mwaka uliofuata, Keith Kvenvolden, Cyril Ponnamperuma na wenzao wakatoa majibu.

Inueni mikono yote miwili. Vidole ni vilevile, lakini glavu ya kushoto haiingii mkono wa kulia. Asidi amino za kwenye protini, ukiiacha glisini, nazo zina umbo la kushoto na la kulia. Viumbe hai hujenga protini zao kwa zile za kushoto. Kwenye jiwe la Murchison, za kushoto na za kulia zilikuwa karibu sawasawa. Jasho haliwezi kuacha alama ya namna hiyo. Tena zilikuwemo asidi amino ambazo ni nadra kabisa kwa viumbe wa duniani.

Baadaye watu wakaona afadhali wayafuate mawe huko huko yaliko. Desemba 2020 chombo cha Japani, Hayabusa2, kilileta gramu 5.4 kutoka asteroidi Ryugu, zikiwa zimefungwa zisiguswe na hewa ya dunia. Zilipopimwa, zilifanana na nini? Na jiwe la Ivuna! Ndani ya hizo gramu za Ryugu walikuta asidi amino, na pia urasili, mojawapo ya herufi nne zinazoandika maelekezo ya uhai katika RNA. Septemba 2023 Wamarekani nao wakapokea gramu 121.6 kutoka asteroidi Bennu. Majibu yalitolewa Januari 2025: kati ya asidi amino 20 tunazotumia katika protini, 14 zimo. Herufi zote tano za DNA na RNA zimo. Na chumvi imo, iliyobaki baada ya maji ya chumvi kukauka polepole ndani ya jiwe. Watu wa Ivuna wangeielewa kazi hiyo mara moja.

Lakini msikimbie kusema kwamba mawe haya yalikuwa na uhai. Glisini haili, haikui, haizai. Ili kitu kiwe hai, molekuli zake lazima ziungane minyororo mirefu, zipate utando wa kuzizunguka, na zijinakili. Hatua hizo hazijaonekana katika jiwe lolote. Tunachokijua ni kwamba viungo vilikuwa vikinyesha duniani tangu ingali changa.

Na suala la kushoto na kulia bado ni mjadala mkali. Mwaka 1997 John Cronin na Sandra Pizzarello walionyesha kwamba baadhi ya asidi amino za Murchison zimezidi kidogo upande wa kushoto, na wengi wakadhani mawe ndiyo yaliyotuletea upendeleo huo. Vumbi la Bennu likaja na mizani iliyo sawa, hesabu ikaanza upya. NASA, shirika la anga la Marekani, imeweka akiba angalau asilimia 70 ya vumbi hilo kwa ajili ya watafiti wa baadaye, watakaokuwa na vyombo ambavyo leo bado havijabuniwa.