Mafua ya Mtoto na Hatari ya Sikio

Katika Milima ya Usambara, miezi ya Juni hadi Agosti huwa ya baridi na ukungu. Huko Vuga, kama kwingineko penye baridi, watoto hujikusanya ndani na kuambukizana mafua kwa urahisi. Baada ya siku chache baadhi yao hulia usiku wakishika sikio.

Sikio la kati limeunganishwa na nyuma ya pua kwa mrija mwembamba, uitwao mrija wa Eustachio, ambao huingiza hewa na kutoa ute. Kwa mtoto mdogo mrija huo ni mfupi na umelala zaidi kuliko wa mtu mzima. Virusi vya mafua huuvimbisha utando wake, nao huziba. Ute hutuama, na bakteria waliokuwa wakikaa puani bila madhara huzaliana humo. Usaha hukisukuma kiwambo cha sikio, hata pengine kikatoboka.

Je, dawa ya virusi haiwezi kuyazuia hayo mapema? Kwa influenza yaweza, ila kwa masharti. Oseltamiviri hukizuia kimeng'enya ambacho virusi vipya hukitumia kutoka katika seli vilimozaliwa. Katika jaribio la Ufini lililochapishwa mwaka 2010, watoto wa mwaka 1 hadi 3 walioanza dawa ndani ya saa 12 tangu dalili za kwanza walipungukiwa na ugonjwa wa sikio kwa asilimia 85. Matibabu yaliyoanza ndani ya saa 24 hayakuonyesha upungufu wa kuaminika. Sababu ni dhahiri: dawa huzuia virusi kuenea, lakini haiondoi uvimbe uliokwisha kutokea.

Aidha, mafua mengi huletwa na virusi vingine, kama rinovirusi, ambavyo dawa hiyo haivigusi. Mzazi anayeishi mbali na zahanati hawezi kuvitambua kwa macho, na saa 12 hupita upesi.

Kwa hiyo kinga ya kutegemewa zaidi huanza kabla ya mafua: maziwa ya mama, nyumba isiyojaa moshi, na chanjo ya nimokokasi, inayotolewa kwa watoto wachanga nchini Tanzania tangu mwaka 2013. Sikio linalotoa usaha lipelekwe zahanati bila kuchelewa, kwani usaha sugu hupunguza usikivu. Mwanafunzi asiyejibu aitwapo huenda si mtoro wa mawazo, huenda hasikii.